Kaka amemweka mama mkwe kwenye bima, mama yetu kabaki nje

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza viazi soko la Sido hapa Mbeya. Mume wangu ni deiwaka. Siku akipata gari tunakula, siku akikosa tunaangalia mfuko wangu wa aproni. Sasa hivi vyuma vimekaza kweli, lakini kilichonifanya nikuandikie ni mama.

Mama yetu ana miaka 71. Anaishi kijijini Rungwe, juu ya Kiwira, na wajukuu wawili alioachiwa na mdogo wetu marehemu. Ana presha na sukari. Watoto wake tuliobaki ni wawili, mimi na kaka, ambaye ni mwalimu wa sekondari Makambako.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda jikoni, kageuza mfuniko wa sufuria, anakata vidonge vyake kwa kisu cha kumenyea ndizi. Kila kimoja vipande viwili. Unga uliomwagika anauokota kwa kidole alicholowesha mate, analamba. Vipande anavitia kwenye kopo la Blue Band. Nikamuuliza, mama unafanya nini? Akasema, "Nusu inatosha mwanangu, mwezi mrefu."

Nililia, Shangazi. Kesho yake nikampakia kwenye Noah mpaka hospitali moja ya binafsi hapa mjini. Vipimo, kumuona daktari na dawa, 94,000, nauli mbali. Pesa hiyo nilikopa kwenye kikoba na nadaiwa mpaka leo.

Sasa kaka ana bima ya kazini ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kwenye bima hiyo yumo wifi, watoto wao watatu na mama yake wifi. Mama aliyemzaa hayumo. Nilipomuuliza akasema mama mkwe anasafishwa figo, hawezi kumtoa. Nikapandwa na hasira, nikaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba kaka ameoa au ameolewa, na wifi nikamwita mnyonyaji. Wifi katoka kwenye kundi. Kaka wiki ya tatu hii hapokei simu yangu.

Mama alikuwa anapata ruzuku ya kaya maskini. Mwaka jana yakasomwa majina kijijini, akaambiwa amehitimu, yaani si maskini tena, akatolewa. Nadhani kilichomponza ni nyumba ya bati tuliyomjengea. Na mimi mwenyewe kadi yangu ya CHF, bima ya afya ya jamii, ya elfu thelathini inaisha mwezi ujao, na sokoni wanasema sasa ni bima kwa wote, kaya italipa laki na nusu. Nitaitoa wapi?

Mwenzangu tunayepanga naye meza ananiambia dada yake ni mtumishi, mama yao ana kadi na umri unakaribiana na wa mama yangu. Anasema tuazime, hakuna atakayejua. Upande mwingine mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa, kuna mtu anamtaka.

Naomba unisaidie. Nimbane vipi kaka amtoe mkwe amweke mama? Hiyo kadi niazime? Ng'ombe auzwe?

Mama Viazi, Mbeya

---

Mama Viazi, marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako moja kwa moja, nikawa natafuta maneno ya kumchapa nayo kaka yako. Mara ya pili nikagota kwenye maneno manne uliyoyapita mbio: mama mkwe anasafishwa figo.

Unajua maana yake? Mtu wa kusafishwa damu analala kwenye mashine mara mbili au tatu kila wiki, na akikosa wiki chache tu hayupo. Bei ya siku moja ya mashine hailipiki kwa faida ya gunia la viazi, hata liwe lumbesa ya Isyonje. Yule mama jina lake likitoka kwenye bima ya kaka yako leo, msiba hautachukua mwezi. Na utakapokuwa unakaa kwenye mkeka wa matanga ya wifi yako, kila mtu pale atakuwa anajua jina lilitolewa kwa shinikizo la nani.

Kwa hiyo swali lako la kwanza silijibu kama ulivyoliuliza. Usimbane.

Ila uelewe kwa nini kaka yako amebanwa, maana naona unadhani ana nafasi na anakunyima. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda NHIF, mwajiri anaongeza 3. Bima hiyo inamchukua yeye, mwenza wake na wategemezi wanne, basi. Wategemezi hao wanaweza kuwa watoto, wazazi wake au wazazi wa mwenza, sheria haikumchagulia. Hesabu sasa: watoto watatu na mama mkwe. Zimejaa. Ili mama aingie lazima mtu atoke, na wa kutoka ni mtoto wake au mgonjwa wa mashine. Ungekuwa wewe?

Siku mtoto wake mkubwa atakapovuka umri wa kutegemea wazazi, nafasi itabaki wazi. Hiyo ndiyo unayopaswa kumwomba, tena mapema na kwa mdomo laini: "Kaka, huyu akitoka, mama aingie." Akikubali, shika hapo.

Kuhusu kadi ya kuazima, usithubutu. Ni udanganyifu, ni kosa la jinai, na anayeumia kwanza ni huyo dada mtumishi ambaye kazi yake iko mezani. Mimi lakini kinachoniogopesha zaidi ni faili. Mama yako akitibiwa kwa jina la mama mwingine, sukari yake inaandikwa kwenye faili la yule, na aleji ya yule inasomwa kwa mama yako. Siku akiletwa hajitambui, daktari atafungua historia ya mtu mwingine. Mwambie mwenzako asante, mkaendelee kuuza viazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenisumbua kuliko hayo yote. Nani aliwaambia kwamba mama yenu lazima awe chini ya kadi ya mtu?

Mama ana nyumba, ana moto wake jikoni, analea wajukuu wawili. Yeye ni mkuu wa kaya. CHF iliyoboreshwa unayoijua vizuri, kwa sababu unayo mfukoni, imekuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu mpaka sita. Yeye na wajukuu ni watatu tu. Wewe siku moja umelipa 94,000 kwenye dirisha la hospitali ya binafsi: hiyo ni michango yake ya miaka mitatu na chenji ya elfu nne. Miaka yote hii wewe ulikuwa unamtazama kaka, kaka naye labda alikuwa anajiambia dada yuko karibu, na mama katikati anakata vidonge. Sikusemi ili uumie. Nakusema kwa sababu na mimi kwetu tulifanya hivyo hivyo kwa baba, tukawa ndugu sita tunasubiriana.

CHF ina mipaka, na mipaka hiyo wengi wanaigundua wakiwa wameshashuka stendi. Unaanza zahanati ya kijijini au kituo cha afya. Ikishindikana unaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kwenu ni Makandana pale Tukuyu, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Inaishia hapo. Ukipakia mgonjwa kwenye Noah ukaruka ngazi zote mpaka mjini, tena hospitali ya binafsi, ile kadi ni karatasi tu. Lakini presha na sukari za kawaida siyo magonjwa ya kuruka ngazi. Ni ya kliniki ya kila mwezi, kupimwa, kuchukua dawa, kurudi nyumbani kabla ng'ombe hajakamuliwa jioni.

Sasa hiyo laki na nusu.

Najua mmechoka kusikia bei zinabadilika. Na mna sababu. Wazazi walizoea Toto Afya Kadi ya 50,400 kwa mtoto, mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watu wakabaki wameduwaa na watoto mgongoni. Mwaka uliofuata, Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya, yaani orodha mpya ya bei inazozilipa hospitali, hospitali kadhaa za binafsi zikakataa kadi zake, hata hao watumishi mnaowaonea wivu wakajikuta wanarudishwa getini. Kaka yako naye hajalala usingizi na kadi yake, usidhani.

Kilichoiangusha ile Toto Afya mwaka 2023 nakieleza kwa lugha ya kikoba, utanielewa. Fikiria kikoba chenu kila anayeingia anaingia kwa sababu kesho anataka kukopa. Hakuna anayeweka tu. Kitadumu miezi mingapi? Wazazi wengi walikuwa wanamkatia mtoto kadi akishaumwa, wenye watoto wazima wakaona hasara. Mfuko ukawa unalipa kuliko unavyopokea. Ndiyo maana Bunge mwaka 2023 likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ili wazima na wagonjwa waingie pamoja. Muswada ulipoletwa mara ya kwanza, 2022, zilitajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, kelele zikawa nyingi, ukarudishwa kufanyiwa kazi upya. Kwa hiyo laki na nusu uliyoisikia sokoni ni nafuu kuliko tulikotoka, ingawa ukiitazama kutoka kwenye elfu thelathini ni mlima Rungwe.

Tuichukue ilivyo tupige hesabu. 150,000 kwa miezi 12 ni 12,500 kwa mwezi, kama elfu tatu kwa wiki. Sikwambii ni kidogo. Mume akikosa gari siku nne elfu tatu ni unga. Lakini ikidaiwa kwa mkupuo mmoja utaikimbia, na ikikusanywa kwenye kikoba kila Jumamosi ukiwa umeshauza, inawezekana. Ongea na wenzako mfungue mfuko wa pembeni wa bima, usichanganywe na mikopo, na asiruhusiwe mtu kuugusa hata kwa harusi. Hasa kwa harusi.

Na kadi yako usiiache iishe ukisubiri kuona bei mpya itatuliaje. Nenda kwa mwandikishaji wa mtaani kwako wiki hii, muulize kaya yako inahuishwa kwa shilingi ngapi na inakupeleka mpaka hospitali gani, lipia, dai risiti. Bima haikatwi wodini.

Kwa mama kuna njia mbili nyingine ambazo hujazigusa kabisa.

Ya kwanza ni umri wake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zinamtambua mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza kuwa wa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Mama ana 71. Yapo madirisha yameandikwa kabisa "Wazee", umepita mbele yake mara ngapi ukienda kuzaa? Utaratibu unaanzia serikali ya kijiji: barua ya mtendaji, inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, anapata kitambulisho. Nenda mwenyewe ukiwa na picha zake na kitambulisho cha NIDA au cha kura, usimtume mjukuu. Mtu mzima akisimama mbele ya meza na picha mkononi, muhuri hupatikana haraka.

Nikwambie na ubaya wake, usije ukaniona muongo. Kumuona daktari bure siyo kupata dawa bure. Ataandikiwa, atafika dirisha la dawa, ataambiwa hii imeisha. Hapo ndipo wengi wanakimbilia duka la kwanza wanaloliona na kununua kopo lenye maandishi ya dhahabu. Mwombe daktari au mfamasia amwandikie jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni. Dawa za kawaida za presha na sukari, kama amlodipine na metformin, zina aina za bei ya chini kabisa zinazofanya kazi ile ile. Chukua risiti zako za ile 94,000 uzitazame vizuri: naweka rehani kanga yangu kwamba sehemu kubwa ilikuwa vipimo na majina ya kampuni.

Ya pili ni lile neno "amehitimu". Neno zuri kwa mwanafunzi, kwa bibi wa miaka 71 mwenye sukari na yatima wawili sijui amehitimu nini. Nyumba ya bati mlijenga ninyi, siyo yeye, na bati haliliwi. Lirudisheni jambo kijijini. Mwambie mtendaji kwa maandishi kwamba kaya ile ina mzee mgonjwa na watoto wawili wasio na wazazi, na haina mtu wa kufanya kazi. Kisha mama ahudhurie mkutano wa kijiji, au wewe uwepo, jina lake litajwe mbele ya watu wanaomfahamu.

Usilichukulie hili kama suala la ruzuku tu. Sheria ile ya 2023 imeweka mfuko wa kuwalipia bima wasio na uwezo, na fedha zake zinatokana na vitu kama ushuru wa soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Vijana wanaochana mikeka ya kubeti pale Kabwe wanamchangia mama yako bila kujua, Mungu awabariki. Lakini fedha hiyo itamfikia aliyetambuliwa kuwa hana uwezo, na kutambuliwa huko hakutokei Dodoma, kunaanzia kijijini, kwa watu wale wale waliosema amehitimu. Akikaa nje ya orodha kwa sababu mliona haya kudai, atalipa kama tajiri.

Ng'ombe asiuzwe. Yule ndiye mshahara pekee wa mama unaokuja kila asubuhi, na wajukuu wanakunywa humo. Mnunuzi anayemtaka anajua mna shida, bei atakayotaja itakuwa ya shida.

Nimebakiza kaka yako na wifi, na hapa nitakuwa mkali.

Ulichoandika kwenye kundi hakifutiki kwa ujumbe mwingine kwenye kundi. Ukiandika "samahani kama nimewakosea" utakuwa umeongeza kosa la pili. Panda basi mpaka Makambako. Nenda na mkungu wa ndizi wa shambani kwa mama, umwambie wifi ni za mgonjwa wake. Ukifika, kabla hujakaa sana, muulize mama mkwe anaendeleaje na siku zake za mashine ni zipi. Muulize kweli, usikilize jibu lote. Mtu mwenye mgonjwa wa aina ile miezi inapita hakuna anayemuuliza, wote wanauliza "bado mnampeleka tu?" Kisha umwombe radhi wifi kwa neno lenyewe: nilikuita mnyonyaji, nilikosea. Mbele ya mumewe.

Ndipo umgeukie kaka na kile kisa cha kisu na mfuniko wa sufuria. Kwenye barua yako sijaona mahali ulipomsimulia. Ulimpa tusi, hukumpa habari. Msimulie kama ulivyonisimulia mimi, na kidole kilicholoweshwa mate. Halafu usimuombe bima, muombe shilingi: nusu ya mchango wa kaya ya mama kwa mwaka, na elfu kadhaa za dawa kila mshahara unapoingia, zitumwe kwenye simu ya mama au ya jirani mnayemwamini. Mwalimu hawezi kuumba nafasi ya saba kwenye bima, ila elfu kumi mwisho wa mwezi anaweza.

Akikataa hata hilo, niandikie tena, tutaongea lugha nyingine.

Jumamosi hii lakini, kabla ya Makambako, kabla ya mtendaji, nenda Kiwira. Chukua lile kopo la Blue Band lilivyo, na vipande vyake na unga wake, lifunike, umpeleke mama nalo zahanati. Usilimwage wala usilipange. Mfungulie muuguzi mezani aone mama amekuwa akimeza nini tangu lini, maana vidonge vingine havikatwi, na dozi aliyopewa mjini inawezekana ilipimwa kwa mtu anayedhaniwa alikuwa anameza kidonge kizima.

Shangazi